Mwaka Huu Mti Uwe na Bahasha Yake

Katika mkesha wa mwaka mpya makanisa mengi siku hizi yana desturi ya karatasi. Kila mtu hupewa kipande, huandika anachotaka Mungu amtendee mwaka unaokuja, hukikunja na kukitia kapuni, na kapu huombewa saa sita usiku, wengine wakilia, wengine wakipiga vigelegele. Hakuna anayesoma karatasi ya mwenzake, lakini wote twajua humo mmeandikwa nini: nyumba iishe, binti aolewe, kazi ipatikane, deni lilipike, mama apone. Nami huandika yangu, na siidharau ya mtu. Mama mgonjwa ni mama mgonjwa.

Mkesha wa mwaka jana ulikwisha alfajiri. Nikashuka kwa miguu, nikafika kwenye kijito kilicho chini ya kanisa letu, huku upande wa kusini wa Kilimanjaro. Tulipokuwa watoto tulikivuka kwa kurukia mawe, na ikifika Aprili hatukukijaribu kabisa, tulizungukia darajani. Alfajiri ile nilikivuka na viatu vyangu vya kanisani na havikulowa. Januari si masika, najua, na kijito chochote hupungua. Lakini Januari za zamani nazikumbuka pia, na mawe yale yalikuwa na kazi hata wakati huo. Nikasimama ng'ambo nikajiuliza: katika lile kapu tuliloliombea usiku kucha, ipo hata karatasi moja iliyokitaja kijito hiki?

Ndiyo sababu ya wito huu. Nawaomba Wakristo wenzangu, Walutheri, Wakatoliki, Waanglikana, Wamoraviani, Wapentekoste, Wasabato, tuweke malengo ya mwaka mpya kwa ajili ya ardhi, maji na miti ya mahali tunapoishi. Na nawaomba tusiyaweke kama tunavyoandika zile karatasi. Tuyaweke kama tunavyotoa ahadi ya kanisa, yenye kiasi, yenye jina, na yenye mtu atakayekuja kuuliza.

Maandiko yenyewe yana mfano wa mwaka mpya, nao tunausoma kila mara bila kuutazama kwa jicho hilo. Uko Luka sura ya 13. Mwenye shamba amekuja miaka mitatu kutafuta matunda kwenye mtini wake, hakuona kitu, akataka ukatwe. Mtunza shamba akauombea mwaka mmoja zaidi. Wahubiri wetu hukazia huruma ya ule mwaka wa nyongeza, na ni sawa. Lakini tazameni yule mtunza shamba anaahidi nini. Hasemi ataukesha mti kwa maombi. Anasema atauchimbia pembeni na kuutia samadi, na mwaka ukiisha waje waangalie. Lengo lake ni mti mmoja, zana anazo mkononi, muda unajulikana, na yupo mtu wa kukagua. Sijui mpango wa kazi ulio bora kuliko huo, na nimekaa kwenye kamati nyingi.

Malengo yetu ya mazingira yamekuwa ya namna nyingine. Sisi huhesabu miche inayoingia ardhini. Siku inapangwa, mgeni rasmi anaalikwa, kwaya inaimba, picha zinapigwa, na kwenye taarifa ya mwaka inaandikwa kwamba usharika umepanda miche elfu kadhaa. Nilihudhuria siku moja kama hiyo, mahali nisipopataja kwa kuwa wenyeji wake ni watu wema. Tulipanda mwishoni mwa Mei, mvua zikiaga. Tulipoondoka, viriba vya plastiki tulivyovichana vilibaki vimetapakaa kama magamba ya samaki, maana kila mmoja alifikiri mwenzake ataviokota. Nilipopita Oktoba niliona vijiti.

Msidhani najitoa. Nyumbani kwangu nilipanda miche sita kwa mbwembwe, nikawaita na watoto washuhudie. Sasa upo mmoja. Mitatu ilikauka Septemba nikiwa safarini, na miwili ililiwa na mbuzi. Nilikwenda kumgombeza jirani, tukafuata nyayo pamoja, tukakuta mbuzi ni wangu.

Wangari Maathai alilijua jambo hili mapema kuliko sisi. Tarehe 5 Juni 1977 alipanda na wenzake miti saba katika bustani ya Kamukunji, Nairobi, na huo ndio ulikuwa mwanzo wa Green Belt Movement, kazi iliyomletea Tuzo ya Nobeli ya Amani mwaka 2004. Alikuwa Mkatoliki, mwanafunzi wa masista, lakini la kujifunza kwake hapa ni la hesabu. Wanawake wa vijijini walilipwa kiasi kidogo kwa kila mche uliopona. Mche uliopandwa ukafa haukuwa na malipo. Mama anayejua hivyo haondoki shambani kabla hajaweka miiba kuzunguka mche wake.

Huku kwetu tunaye Askofu Fredrick Shoo, aliyeongoza Dayosisi ya Kaskazini na pia Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania (KKKT) kama Mkuu wake. Anajulikana kama askofu wa miti, na hata Ujerumani wanamwita hivyo kwa lugha yao. Kwa hiyo hatuwezi kusema hatukufundishwa, mahubiri tumeyasikia ya kutosha. Kinachokosekana ni daftari.

Na daftari tunalo! Msharika yeyote wa Kilutheri ana namba yake ya bahasha. Mwanzo wa mwaka anajaza ahadi kulingana na uwezo wake, na anayechelewa kuitimiza hutembelewa na mzee wa kanisa wa mtaa wake. Mzee huyo hafiki na ukali. Hukaribishwa chai, huuliza habari za watoto na za migomba, huinuka kuaga, na akiwa amesimama mlangoni, kofia mkononi, ndipo hugusia ile ahadi. Wakatoliki nao wana zaka yao inayopita kwenye jumuiya, na huko majirani wanajuana vizuri mno kiasi kwamba kujificha ni kazi. Kwa utaratibu huu huu, kwa fedha za wauza ndizi na walimu wa shule za msingi, tumejenga makanisa ambayo wageni huyasimamia barabarani kuyapiga picha. Mfumo ulioweza kuezeka paa la namna ile hauwezi kushindwa kumfanya mtu amwagilie mche.

Basi pendekezo langu ni bahasha moja zaidi, isiyotiwa fedha. Ndani yake kadi yenye mistari mitatu: ninaahidi nini, kiko wapi, na nani atakuja kuniuliza. Mstari wa tatu ndio wenye kazi. Ahadi ni deni, lakini deni lisilo na wa kulidai husahaulika kabla mwezi haujaandama.

Mtu asiandike kwenye mstari wa kwanza kwamba atayapenda mazingira. Aandike kitu ambacho jirani anaweza kuja kukiona kwa macho yake. Mringaringa mmoja nyuma ya zizi. Shimo la taka lenye sehemu mbili, ya kuoza na ya isiyooza. Mfereji wa jirani uliozibwa na ukuta wangu, nitaufungua. Kilo kadhaa za mkaa kila mwezi zipungue kwa kununua jiko banifu. Kimoja kinatosha. Atakayeandika vitano, mzee wa kanisa amshauri kwa upole afute vinne.

Kuna jambo la kalenda. Januari ni mwezi mzuri wa kuahidi na mwezi mbaya wa kupanda. Kilimanjaro yetu Januari na Februari ni jua, na anayepanda mti siku ya mwaka mpya ili apigwe picha anauua mbele ya mashahidi. Hata Kanisa halianzi mwaka wake Januari, huuanza Majilio, kwa hiyo tumezoea kuishi na kalenda zaidi ya moja, na ya mvua tuiongeze. Januari ni ya viriba: udongo wa juu, samadi iliyoiva, mchanga kidogo, mbegu zilizookotwa chini ya mti mama wenye afya. Februari ni ya kuchimba mashimo ili yapate hewa. Masika yakianguka Machi na kulowesha udongo kweli, si manyunyu ya siku mbili, ndipo mche unaingia ardhini, na una Aprili na Mei yote ya kushika mizizi.

Kwaresima huangukia humo humo katikati ya matayarisho. Tunafunga nyama, soda na nyimbo za dunia. Nawaomba wakulima wa tambarare na wa miteremko ya chini waongeze mfungo mmoja, wa kiberiti. Kuchoma shamba ili kulisafisha ni rahisi, lakini moto unaunguza majani ambayo yangekuwa mbolea, unaacha udongo uchi, na mvua ya kwanza ya masika inauchukua mpaka mtoni. Kisha moto haujui mpaka wa shamba.

Sehemu ngumu ni Agosti mpaka Oktoba. Wakati huo hakuna mgeni rasmi. Mche una miezi mitano, una majani yanayodanganya kwamba umeshika, na chini udongo unakauka. Hapa ndipo ahadi hupimwa, na kazi yenyewe haina gharama. Majani makavu ya migomba yarundikwe shinani ili unyevu usipotee, lakini yasiuguse shina. Chupa ya plastiki ya maji, na zimejaa kila mahali, ikatwe kitako, itobolewe kwenye kifuniko tundu la sindano, ifukiwe kichwa chini kando ya mche, ijazwe mara mbili kwa wiki. Maji ya kuoshea mboga yasimwagwe uani. Na mbuzi afungwe, hasa kama ni wako.

Siku ya kuhesabu naomba iwe ya tarehe 1 Septemba au Jumapili iliyo karibu nayo. Tarehe hii haikuokotwa. Mwaka 1989 Patriaki Dimitrios wa Konstantinopoli aliwaomba Waorthodoksi waitenge kwa kuombea uumbaji. Mwaka 2015, mwaka ule ule alipotoa waraka wake Laudato Si' juu ya dunia kama nyumba yetu sote, Papa Fransisko aliwaunganisha Wakatoliki na siku hiyo, na sasa makanisa mengi huadhimisha kipindi cha kuanzia siku hiyo hadi Oktoba 4, sikukuu ya Fransisko wa Asizi. Wengi huadhimisha kwa kupanda. Sisi wa ikweta, Septemba jua likiwaka, tuadhimishe kwa kuhesabu iliyo hai. Vijana wa kipaimara wapite nyumba kwa nyumba na kadi, waone. Namba ikitoka ndogo isomwe hivyo hivyo kanisani. Aibu kidogo haijawahi kuua usharika.

Sasa nitaje miti, maana hapa tumekosea kwa nia njema. Miaka mingi tuligawa miche ya mikaratusi kwa sababu inakua upesi, inatoa nguzo na kuni. Mimi si adui wa mkaratusi. Kwenye kilima kikavu mbali na maji unasaidia sana, maana nguzo inayotoka pale haikutoka msituni. Lakini ukingoni mwa chemchemi unakunywa kuliko kijito kinavyoweza kutoa. Penye maji pana miti yake: mikuyu, misesewe, miringaringa, migomba yenyewe. Wazee wetu hawakusoma misitu chuoni, na bado hakuna aliyemwona mzee akikata mkuyu wa chemchemini. Aliyeukata ni mtoto wake, aliyebatizwa, aliyeambiwa kwamba kuogopa mti ni upagani. Hapo Kanisa lina deni lake la toba. Tulipoondoa hofu ya mizimu ya chemchemini tulifanya kazi yetu, lakini hatukuweka kitu mahali pake, na mwenye panga akaelewa kwamba sasa ruhusa.

Sheria ipo. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 kutoka kwenye vyanzo vya maji. Atakayeniambia basi hiyo ni kazi ya serikali, namwomba Jumapili ageuze shingo atazame mabenchi. Mwenyekiti wa kitongoji yupo. Anayelima nyanya mpaka ukingoni mwa mto yupo. Mwenye kiwanja aliyejenga choo juu ya chemchemi yupo, na huimba sauti ya nne. Wote wamepokea chakula cha Bwana asubuhi ile. Serikali gani nyingine tunayoingoja?

Mlima wetu unasemwa sana kwa ajili ya theluji, na si bure. Johannes Rebmann, mmisionari, alipoandika kwamba aliiona mwaka 1848, wataalamu wa Ulaya hawakumsadiki. Kati ya mwaka 1912 na 2007 barafu ya kilele cha Kibo ilipungua kwa asilimia 85 hivi, na inaendelea. Huzuni hiyo naielewa. Lakini maji tunayokunywa hayatoki hasa kwenye barafu, yanatoka msituni. Ule mshipi wa msitu ulio juu ya vihamba vyetu, yaani mashamba yetu ya nyumbani, hupokea mvua nyingi, na tena hukamua ukungu: wingu linapita, majani na kuvumwani za miti vinanasa matone, matone yanadondoka, udongo unayanywa polepole na kuyaachia mitoni miezi ya kiangazi. Andreas Hemp, mtaalamu wa mimea kutoka Ujerumani aliyeutafiti mlima huu kwa miaka mingi, ameonyesha kwamba moto umeushusha mpaka wa juu wa msitu, na kwamba maji ya ukungu yanayopotea kwa sababu hiyo ni hasara kubwa kuliko ile ya barafu. Mkristo wa Machame au Marangu hana uwezo wa kuirudisha theluji. Kiberiti cha mrina asali aliye kwenye jumuiya yake anao uwezo nacho, maana anamjua kwa jina la ubatizo.

Oktoba 2020 tuliuona moto ule kwa macho, usiku, mstari mwekundu juu ya mlima. Mamia ya watu walipanda kuuzima, wakiwemo wanafunzi wa chuo cha Mweka, wakipiga ndimi za moto kwa matawi mabichi. Tukaomba sana wiki ile. Jumuiya zilizo jirani na msitu ziweke lengo la mwaka huu la kusaidia warina asali wetu wapate mizinga ya kisasa na bomba la moshi, wasiingie porini na vijinga. Ni fedha ndogo kuliko sare za kwaya.

Kumbukumbu la Torati sura ya 20 inawakataza askari waliouzunguka mji kwa vita wasiikate miti ya matunda. Hata vitani, panga lina mpaka. Sisi tuko kwenye amani.

Nimesema ya mtu mmoja mmoja. Kanisa kama taasisi linatakiwa kuwa na bahasha yake pia, na huko nitakaa kidogo. Kwanza, sisi ni wenye ardhi. Misheni za mwanzo huku, Kilema ya Wakatoliki na zile za Walutheri wa Leipzig waliofika mwaka 1893, zilipewa maeneo mapana, na sharika nyingi za zamani bado zinayo. Mengine yana miti ambayo babu zetu walibatizwa chini yake. Nimeona pia mengine yaliyosafishwa yote ili kupata maegesho ya magari yanayojaa siku tatu kwa mwaka. Kaskazini mwa Ethiopia, karibu na Ziwa Tana, makanisa ya Kiorthodoksi ya Tewahedo yamebaki na misitu yao ya asili yakiwa yamezungukwa na mashamba matupu, kwa sababu waumini huhesabu msitu kuwa sehemu ya kanisa lenyewe. Ng'ombe walipoanza kuingia, watu walikusanya mawe yaliyokuwa yakiwasumbua mashambani mwao wakajengea ukuta kuzunguka msitu. Mawe tunayo. Usharika wenye eneo moja lililobaki ulitangaze mwaka huu kwamba halitajengwa.

Pili, paa. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja ya maji. Kanisa la mita 25 kwa 12 lina mita za mraba 300. Mvua ya milimita 20, ambayo masika huiangusha mchana mmoja, inatoa lita 6,000 juu ya bati hilo. Ondoa zinazomwagika, simtanki la lita 5,000 linakaribia kujaa kwa mvua moja. Na bado kina mama hubeba ndoo kutoka bondeni kwenda kuosha vyombo vya harusi, wakati maji yaliyoanguka juu ya kanisa yamechimba korongo kwenye njia ya jirani. Gata na simtanki ndilo lengo langu la kwanza kwa kila kanisa lenye bati. Watu wa harambee, hapo mnapaweza.

Tatu, majiko. Mei 2024 serikali ya Tanzania ilizindua mkakati wa nishati safi ya kupikia, ukiwa na shabaha ya kuwafikisha Watanzania asilimia 80 kufikia mwaka 2034. Makanisa yana shule za bweni, hospitali, vyuo na seminari, na nyuma ya nyingi kati yake lori la kuni hushusha mzigo kila baada ya wiki chache. Hatuwezi kuhubiri miti madhabahuni na kuichoma bwaloni. Wakuu wa taasisi hizi wapeleke kwenye vikao vya Januari tarehe ya kuliaga lile lori, nayo iandikwe kwenye muhtasari.

La nne linaonekana dogo lakini ndilo lenye harufu, sherehe zetu. Harusi ya watu 300, kila mmoja chupa mbili za maji, ni chupa 600 jioni moja. Ongeza sahani nyeupe za kutupa, kwenye kipaimara, kwenye send-off, siku hizi hata msibani. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku nchini tangu Juni 1, 2019 na tukazoea vikapu, wala hakuna aliyekufa. Umoja wa wanawake katika sharika nyingi unamiliki sahani na vikombe vya kukodisha. Kamati ya sherehe ikodi hivyo, iweke ndoo zenye bomba, fedha ibaki usharikani. Baada ya kuwalisha watu elfu tano, Bwana aliagiza mabaki yakusanywe, vikapu kumi na viwili vikajaa, Yohana sura ya 6. Uwanja uliachwa safi. Sisi tunaacha nini kwenye viwanja vya kanisa Jumapili ya harusi?

Wapo watakaoniambia kwamba dunia hii itapita, nchi mpya inakuja, basi kuhangaika na miche ni kupoteza muda wa injili. Ndugu hawa nawaheshimu, lakini huwaona wakipaka rangi nyumba zao kila Desemba. Mwanzo sura ya 2 inamweka mtu bustanini akiwa na kazi mbili, kulima na kulinda, kabla hajatenda dhambi. Kazi hiyo haikuja kama adhabu, na sijaona mahali ilipofutwa.

Kwenu mliopanda mabasi mkaja kula Krismasi nyumbani, neno fupi. Tunawapenda, na mnapokuja kihamba kinachangamka. Lakini mnaporudi Dar es Salaam tarehe mbili au tatu Januari mnamwachia bibi shimo la taka lililojaa chupa na nepi, na wengine mmejenga uzio uliokata mfongo, mfereji wetu wa maji. Mfongo ule ulichimbwa na mababu kwa mikono na ukasafishwa kwa msaragambo, kazi ya pamoja, miaka yote, na sasa unakutana na ukuta wa tofali wa mjukuu wao, geti limefungwa, mwenyewe yuko Mbezi. Kabla hujapakia mkungu kwenye gari, fanya mawili. Weka tundu la maji kwenye huo ukuta. Kisha tafuta kijana wa jirani, patana naye ujira wa kutunza miti kumi kihambani kwako, na umlipe Septemba kwa kila uliopona, kama wanawake wa Wangari. Unamtumia mwanao hela ya tyusheni kila mwezi, hii haitakushinda.

Wachungaji, mapadri, wainjilisti na makatekista, nawaomba Jumapili ya kwanza ya Januari mtoe dakika kumi kwenye matangazo. Kadi zigawiwe, zijazwe hapo hapo, zitiwe kwenye bahasha zenye namba zile zile za ahadi. Msizikusanye kwa ajili ya kuziombea tu. Mzigawe kwa wazee wa mitaa na viongozi wa jumuiya, wazipange kwenye daftari kwa mwezi wa kutembelea.

Mimi yangu nimeshaijaza. Mringaringa mmoja, ukingoni mwa kijito kilicho chini ya kanisa, upande wa kulia ukishuka. Atakayekuja kuniuliza ni mzee wa kanisa wa mtaa wetu, mtu asiyesahau na anayependa chai yenye tangawizi. Nimemwomba aje mwezi wa nane. Wewe msomaji andika yako wiki hii, umpe nakala mtu asiyekuonea haya, halafu utafute samadi na mchanga. Masika huanza Machi, na viriba bado ni vitupu.